Michirizi ya ngozi: ipi hutibika, ipi haisikii dawa, na kwa nini mkorogo huiongeza?

sista_kliniki

Habari za jioni wana jukwaa. Jumatatu nina somo la nusu saa kwa akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, na wenyewe wameomba lihusu michirizi ya tumbo, mapaja, makalio na matiti. Wengi wameshapita madukani kabla ya kufika kliniki. Wanakuja na chupa za "mafuta ya kuondoa michirizi", wanakuja na vikopo vya krimu ya kuchanganya isiyo na jina, na baadhi wanasema krimu iliwasaidia mwezi wa kwanza, kisha michirizi ikarudi mipana kuliko mwanzo.

Naomba wenye ujuzi mnieleze kwa undani. Mchirizi ni nini hasa ndani ya ngozi? Kwa nini mmoja ni wa zambarau au mweusi na mwingine mweupe, na je, dawa yake ni moja? Siagi ya kakao na mafuta ya nazi yanazuia kweli? Krimu ya tretinoini hupakwaje, kiasi gani, kwa muda gani? Na hilo la krimu kusaidia kisha kuharibu, linatokeaje?

---

dk_ngozi

Sista, karibu. Somo lako lianze na rangi ya mchirizi. Rangi ndiyo inayokuambia umri wake, na umri ndio unaoamua kama dawa ya kupaka ina la kufanya.

Ndani ya ngozi hali iko hivi. Tabaka la juu ni jembamba. Chini yake kuna tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini, zinazoirudisha mahali pake ikishavutwa. Mchirizi ni kovu la tabaka hilo la chini. Juu hapajachanika, ndiyo maana hakuna damu wala kidonda. Chini nyuzi za elastini zimekatika, na mwili unapoziba pengo huweka kolajeni nyembamba iliyolala upande mmoja badala ya ule msuko wake wa kawaida. Fikiria mkeka uliotoboka ukazibwa kwa ukili usiosukwa: tundu limefunikwa, lakini ukiuvuta hapo haurudi kama zamani.

Kuvutwa peke yake hakutoshi. Chukua wajawazito wawili wenye matumbo ya ukubwa mmoja: mmoja atapata michirizi mpaka juu ya kitovu, mwenzake hana hata mmoja. Kinachowatofautisha ni urithi (muulize kama mama yake au dada zake wanayo), umri (msichana wa miaka 18 huathirika kuliko mwanamke wa 30), uzito ulioongezeka, ukubwa wa mtoto, na homoni. Kotisoli hasa huzizuia seli zinazotengeneza kolajeni zisifanye kazi yake. Lishike hilo la kotisoli, kwa sababu jibu la swali lako la mwisho limejificha humo.

Kwa wajawazito, mara nyingi michirizi huanza kuonekana baada ya wiki ya 24, na mingi huja katika miezi mitatu ya mwisho. Hukata upande unaopingana na mvuto: tumboni inasimama, kwenye matiti inatawanyika kutoka kwenye chuchu kama miale.

Sasa rangi. Mchirizi mpya una uvimbe mdogo na mishipa ya damu iliyotanuka. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, hivyo vinasema ni mwekundu. Kwenye ngozi zetu huonekana wa zambarau, wa kahawia iliyokolea, au mweusi kuliko ngozi iliyouzunguka. Ukiupapasa umeinuka kidogo, na mara nyingi unawasha. Hali hiyo hudumu miezi kadhaa, kwa wengine hata mwaka au zaidi. Baadaye mishipa hunywea, uvimbe huisha, chembe za rangi hupungua, na mchirizi hubaki mweupe au wa kijivu, umebonyea, ngozi yake imejikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Hilo ni kovu lililokomaa. Dawa za kupaka hushughulika na ule wa kwanza, ambao bado unajengwa. Kwa huu wa pili hufanya kidogo sana, hata ukipaka miaka mitatu.

Kuna jambo la pembeni linalowahusu wanaofanya kazi shuleni. Mvulana anayerefuka haraka hupata michirizi ya kulala mgongoni, juu kidogo ya kiuno, iliyopangana kama vipandio vya ngazi. Imewahi kudhaniwa kuwa alama za fimbo. Ukiipapasa haina kigaga, imelingana pande zote mbili za uti wa mgongo, na haibadiliki rangi siku hadi siku kama jeraha la kipigo. Mtoto aulizwe kwa faragha hata hivyo.

---

mkunga_tanga

Niseme la mafuta, maana ndilo litakaloulizwa kwanza.

Siagi ya kakao imepimwa. Lebanoni, mwaka 2008, wajawazito 175 wa mimba ya kwanza waligawanywa, baadhi wakapaka losheni ya kakao na wengine losheni isiyo nayo. Waliopata michirizi walikuwa kama asilimia 45 upande mmoja na 49 upande wa pili, tofauti ambayo haihesabiki. Jamaika wakarudia kwa wanawake 300, na huko nako kakao haikuonyesha kinga. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 6 yenye wanawake 800 kuhusu vipakwa vya kila aina, wakakosa ushahidi madhubuti kwamba kuna kinachozuia.

Sababu inaeleweka ukikumbuka alichoandika daktari. Mafuta hukaa juu na hulainisha tabaka la juu, na penye kuchanika ni chini. Kwa hiyo mafuta ya nazi, ya mgando, ya alizeti au ya kakao yote yana kazi moja ya kweli: kupunguza ukavu na mwasho. Hiyo si kazi ndogo, kwa sababu anayejikuna huacha madoa meusi juu ya michirizi, na madoa hayo humkera kuliko michirizi yenyewe. Ayape mafuta nafasi hiyo, basi. Asinunue ya bei kubwa kwa sababu tu chupani kuna picha ya tumbo.

Kuna utafiti mmoja mdogo wa Uturuki ambamo wanawake waliosugua tumbo taratibu dakika 15 kwa mafuta ya lozi chungu walipata michirizi pungufu, na waliopaka mafuta hayo bila kusugua hawakupata nafuu yoyote. Inaelekea kama kuna faida basi ilitokana na mkono, siyo chupa. Lakini Sista, ukilisema hili darasani fafanua neno kusugua: ni viganja kuzunguka juu ya ngozi bila kukandamiza. Siyo kukandwa tumbo na mtu wa "kumweka mtoto sawa". Kukandamiza mji wa mimba kunaweza kuling'oa kondo la nyuma kabla ya wakati.

Kitu kingine mama anachoweza kukishika mwenyewe ni mwendo wa uzito. Kwa aliyeanza mimba na uzito wa kawaida, ongezeko linalopendekezwa kwa mimba nzima ni kilo 11.5 hadi 16. Aliyeanza akiwa mnene, kilo 7 hadi 11.5, mwenye unene uliopitiliza, kilo 5 hadi 9, aliyeanza akiwa mwembamba sana, kilo 12.5 hadi 18. Asipunguze kula ili kukimbia michirizi. Anachoweza kukiacha ni soda na maandazi ya kila saa kumi, ambayo humwongezea uzito haraka.

Na mwasho. Vipele vinavyowasha vikianzia juu ya michirizi yenyewe wiki za mwisho, vikakiruka kitovu, kwa kawaida ni upele wa ujauzito usio na madhara kwa mtoto. Hutibiwa kwa vilainishi na dawa atakayoandikiwa. Lakini mwasho wa viganja na nyayo, unaozidi usiku, bila upele wowote, hasa mkojo ukiwa mweusi au macho yamegeuka manjano: huo ni mwasho wa ini, nyongo haishuki vizuri, na unahatarisha mtoto. Aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe. Akina mama wengi huuweka mwasho huu kwenye kapu moja na michirizi, wakapaka mafuta wakalala.

---

mfamasia_wa_zamu

Swali la tretinoini ni langu.

Ni dawa ya jamii ya vitamini A, ya cheti, huipati kwenye duka la dawa muhimu. Nguvu zake ni asilimia 0.025, 0.05 na 0.1. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Marekani, likachapishwa mwaka 1996: watu 22 wenye michirizi mipya, wengine wakapaka ya asilimia 0.1 kila siku kwa wiki 24, wengine krimu tupu. Kwa waliopaka dawa, urefu wa michirizi ulipungua asilimia 14 na upana asilimia 8. Kwa wenye krimu tupu iliendelea kukua. Zitazame hizo namba vizuri. Kupungua asilimia 14 si kufutika. Mteja anayetarajia ngozi iwe kama ya kabla ya mimba atakasirika mwezi wa pili na kwenda kununua mkorogo, kwa hiyo mwambie ukweli kabla hajalipa.

Ngozi nyeusi isianze na 0.1. Dawa hii huchubua, na kila panapochubuka kwetu hubaki doa jeusi kwa miezi. Anzia 0.025 au 0.05.

Utaratibu: usiku, oga kwa sabuni laini bila dodoki kwenye sehemu hiyo. Jikaushe kwa kugusisha taulo, usisugue. Subiri kama dakika 20, kwa sababu ngozi yenye maji huinyonya dawa kwa kasi na kuungua. Paka utando mwembamba, juu ya mchirizi na ukingo wake. Ikishanyonywa, pitisha mafuta ya mgando au losheni isiyo na manukato juu yake. Wiki mbili za kwanza, usiku mbili kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne, usiku mmoja unapaka, unaofuata unaacha. Ukifika wiki ya tano na ngozi imetulia, unaweza kwenda kila usiku. Ikianza kuwaka au kutoa magamba makubwa, acha siku tatu hadi tano, paka vilainishi tu, kisha rudi hatua moja nyuma. Magamba madogo ya wiki ya pili hadi ya nne ni ya kawaida.

Kiasi: kamua dawa kutoka mkunjo wa mwisho wa kidole cha shahada hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Michirizi ya mapaja yote mawili ikiwa ya viganja vinne, kila usiku unatumia gramu 1, maana yake tyubu ya gramu 30 inaisha mwezi mmoja. Zidisha kwa miezi sita, umwambie gharama yote kabla hajaanza. Baadhi ya wanaosema dawa haikufanya kazi walinunua tyubu moja wakaishia hapo.

Makosa yanayoharibu: kupaka nyingi ili iwahi, kuchanganya na ndimu, siki, magadi au skrabu ya chumvi, kupaka pamoja na krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, ambayo huidhoofisha tretinoini, kuacha tyubu dirishani, maana mwanga huiharibu, na kuipaka asubuhi. Kama michirizi ipo mahali panapopigwa jua, mchana vaa nguo ya kufunika au paka losheni ya kukinga jua.

Pima kwa picha, siyo kwa kioo. Simama dirishani mwanga ukitokea ubavuni, weka rula kando ya mchirizi mmoja uliouchagua, piga picha kila baada ya wiki 4. Wiki ya 12 linganisha. Wiki ya 24 ndiyo ya kuamua kuendelea au kuacha.

Mjamzito haitumii kabisa, wala anayepanga kushika mimba miezi hiyo. Hapo hakuna mjadala.

---

lebo_kwanza

Nafika kwenye swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: krimu iliyosaidia kisha ikaharibu.

Vikopo visivyo na jina, na vingi vyenye majina, vina steroidi kali. Mkorogo wa kawaida ni losheni kubwa ya mwili iliyokamuliwa tyubu kadhaa za krimu ya steroidi, ikaongezwa haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, na mingine zebaki. Steroidi hizi hufanya kazi kama kotisoli, na dk_ngozi ameshasema kotisoli inazifanya nini seli za kolajeni.

Linavyotokea ni hivi. Steroidi hubana mishipa ya damu na kuzima uvimbe. Mchirizi mpya rangi yake inatokana na mishipa iliyotanuka na uvimbe, kwa hiyo ndani ya wiki mbili au tatu unafifia na mwasho unaisha. Mtumiaji anaona dawa imeshika. Kumbe chini nyuzi hazijaungwa, na zile zilizobaki nzima zimeanza kukonda. Wiki zinavyosonga, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana kwa juu, na michirizi mipya inafunguka hata mahali pasipovutwa na chochote: mapaja ya ndani, kinenani, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye vigimbi, ndani ya viwiko. Mahali hapo ngozi hugusana au ni laini, dawa hunyonywa zaidi. Akiona hivyo anapaka zaidi. Michirizi ya namna hii ni mipana na ni ya kudumu.

Wanaojua kuuza wana hoja nyingine: tung'arishe ngozi yote ilingane na michirizi myeupe. Kwa hoja hiyo mtu mwenye michirizi tumboni tu anapakwa mwili mzima.

Namna ya kusoma lebo. Tafuta maneno haya kama yalivyo: clobetasol propionate, betamethasone dipropionate, fluocinonide, mometasone, dexamethasone. Clobetasol ya asilimia 0.05 ni dawa ya kutumiwa wiki mbili mfululizo kwa kawaida, isiyozidi gramu 50 kwa wiki kwa mtu mzima, kwa ugonjwa uliopimwa. Anayeichanganya kwenye losheni ya nusu lita na kujipaka mwaka mzima amevuka mipaka yote. Hydroquinone ni ya kung'arisha. Ikitumiwa muda mrefu huacha weusi wa kibuluu mashavuni ambao hauondoki. Zebaki huandikwa mercury, mercuric, mercurous chloride au calomel, na wakati mwingine haiandikwi kabisa. Kuna dalili moja ya kuikamata: maelezo yanayosema krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu. Ukiona onyo hilo, weka chini. Zebaki huharibu figo, na mama humwambukiza mtoto sumu hiyo akiwa tumboni na kwa kumbeba ngozi kwa ngozi. Kopo lisilo na lebo yoyote lihesabu kuwa lina vyote.

Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko TBS (Shirika la Viwango), ukitokea iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwa hiyo ukikuta bidhaa ya namna hii taarifa zinakwenda huko.

Usimwambie aliyetumia miezi mingi mwili mzima aache leo. Steroidi iliyopenya muda mrefu huzilaza tezi za adrenali zilizo juu ya figo, mwili ukaacha kujitengenezea kotisoli. Akikata ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kutapika, udhaifu mkubwa, presha ikashuka. Wakati wa kujifungua au upasuaji hilo ni hatari ya maisha. Apelekwe kwa daktari apimwe kotisoli ya asubuhi, kwenye saa mbili, kisha ashushwe taratibu kwa wiki kadhaa, pengine kwa kuhamia haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi dhaifu, na kuruka siku. Kwenye kadi ya kliniki iandikwe wazi kwamba ametumia, ili wa chumba cha upasuaji wajue. Mshono wake pia hupona polepole.

Na Sista, uliza vidonge. "Vidonge vya kunenepa" na vya kuongeza makalio vingi vina dexamethasone. Anayevimeza anapata steroidi ile ile kwa njia ya tumbo.

---

sindano_na_leza

Kwa michirizi iliyokwisha kuwa myeupe njia zilizobaki ni za vifaa, na zote hujaribu kitu kimoja: kuijeruhi ngozi kwa kipimo ili ijijenge upya.

Kwa ngozi nyeusi ningeanza na kudungwa kwa kalamu ya sindano ndogo ndogo kabla ya leza, kwa sababu haitoi joto, na joto ndilo linaloamsha madoa meusi. Ngozi ya tumbo na mapaja hudungwa kwa kina cha milimita 1.5 hadi 2. Ganzi ya krimu hupakwa dakika 45 hadi 60 kabla. Mtaalamu hupita mpaka vitone vidogo vya damu vitokee, kisha anasimama. Damu ikitiririka amepitiliza. Kila kipindi hufuatwa na mapumziko ya wiki 4 hadi 6, na vipindi ni vitatu hadi sita. Tretinoini iachwe siku chache kabla, isirudishwe mpaka ngozi imefunga, kama wiki moja. Mengi ya mabadiliko ni kwenye mbonyeo na mikunjo. Rangi nyeupe hubaki kwa sehemu kubwa.

Kichwa cha sindano lazima kifunguliwe mbele ya mteja na kitupwe mbele yake. Roli za sindano zinazouzwa mtandaoni na kuzungushwa saluni kwa mteja baada ya mteja ni njia ya wazi ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kuitumbukiza kwenye spiriti dakika mbili hakuisafishi. Hata ya mtu mmoja hupinda ncha baada ya muda, ikawa inachana badala ya kutoboa.

Leza zatofautiana na jina moja linawachanganya watu. Hutofautishwa kwa urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita. Ile ya nanomita 585 au 595 hulenga wekundu wa damu, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi ya ngozi huunyonya mwanga kabla haujafika, ndipo ngozi huungua. Ya nanomita 1064 hupita salama zaidi. Leza ya kaboni dayoksaidi inayotoboa vitundu huweza kusaidia mikunjo, ila madoa meusi ya baadaye ni ya kutarajia, kwa hiyo nguvu na wingi wa vitundu hushushwa. Mwanga wa nanomita 308 hurudisha rangi kwenye michirizi myeupe, na ukiacha kurudia rangi hufifia tena baada ya miezi. Kituo kinachokataa kufanya jaribio la eneo dogo la sentimita mbili na kusubiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kuendelea, ondoka.

Asiguswe na kifaa chochote mjamzito, mwenye fangasi au jipu mahali hapo, na mwenye historia ya makovu ya kuvimba baada ya kutoga masikio au chanjo.

---

sista_kliniki

Asanteni sana wote. Daktari, limebaki moja ambalo najua litanibana. Mjamzito hapaki tretinoini. Akijifungua ananyonyesha miaka miwili. Mpaka amwachishe mtoto, michirizi imeshakuwa myeupe. Ina maana mama wa kawaida hana wakati wowote wa dawa? Na ni nani nimpeleke kwa daktari bila kusubiri?

---

dk_ngozi

Swali zuri, na hesabu yako ni ya kweli. Kwa wengi wanaonyonyesha dirisha hilo huwa dogo sana. Tretinoini ya kupaka huingia kidogo mno kwenye damu, kwa hiyo baadhi ya madaktari huiruhusu kwa anayenyonyesha kwenye mapaja au makalio, eneo dogo, mikono ikioshwa baada ya kupaka. Kwenye matiti hapana, na tumboni ambapo mtoto hulazwa hapana. Wengine husubiri. Uamuzi huo aufanye na anayemwandikia cheti, siyo na muuza duka. Mtoto akishaachishwa, mtazame kwanza: michirizi ikiwa imeshapauka na kubonyea, usimwambie anunue tyubu. Na mwambie mapema, kliniki ya kwanza, kwamba mchirizi wa zambarau unaomtisha sasa utafifia wenyewe kwa kiasi kikubwa mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, hata asipopaka kitu. Huo mwaka ndio wauzaji wanaoutumia kujisifia.

Walio kwenye balehe na walionenepa bila mimba ndio wanaofaidika zaidi na tretinoini, kwa sababu wanaweza kuanza mapema. Kama akina mama wana binti wa miaka 15 au 16 nyumbani mwenye michirizi mipya ya mapaja, ujumbe wa mkorogo umfikie yeye kwanza.

Wa kumpeleka bila kusubiri: mwenye michirizi ya zambarau iliyozidi upana wa sentimita 1, hasa tumboni na kwapani, akiwa na uso uliojaa na kuwa wa mviringo, nundu ya mafuta nyuma ya shingo, mikono na miguu iliyokonda huku tumbo likikua, ngozi inayovilia damu kwa kugongwa kidogo, au anayeshindwa kuinuka akichuchumaa bila kushika kitu. Mpime presha na sukari hapo hapo. Hizo ni dalili za kotisoli iliyozidi mwilini, na kwa tunaowaona mara nyingi chanzo ni krimu au vidonge alivyotaja lebo_kwanza, ila mara chache ni uvimbe wa tezi. Usimkatishe dawa, mpe rufaa na kopo lake mkononi.

Kama wilayani kwako kuna ofisa tabibu aliyesomea ngozi kwenye kituo cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, anza naye, wamefundishwa hasa magonjwa ya ngozi nyeusi. Na siku ya somo waambie waje na kila wanachopaka, na wewe beba mfuko mweusi na glovu: yale yenye onyo la dhahabu na fedha yasirudi nyumbani, wala yasimwagwe chooni. Yafunge vizuri, uyakabidhi kwa bwana afya.